Sinia la Wimbledon na Wanawake Waliolinyanyua

Mashindano ya tenisi ya Wimbledon, kusini-magharibi mwa London, yalianza mwaka 1877 yakiwa ya wanaume peke yao. Wanawake walifunguliwa mlango mwaka 1884, wakajitokeza 13. Fainali iliwakutanisha ndugu wawili, Maud na Lilian Watson, mabinti wa kasisi. Maud, aliyekuwa mdogo, alipoteza seti ya kwanza 6-8, kisha akazichukua mbili zilizofuata 6-3, 6-3. Alizawadiwa kikapu cha maua cha fedha chenye thamani ya gini 20.

Sinia ambalo mabingwa hunyanyua hadi leo lilianza kutolewa mwaka 1886. Lilitengenezwa mwaka 1864, ni la fedha iliyotiwa dhahabu baadhi ya sehemu, na kipenyo chake kinakaribia sentimita 48. Bingwa hulizungusha uwanjani mbele ya watazamaji, lakini haondoki nalo. Nyumbani huenda na nakala yake.

Anayeisoma orodha ya mabingwa kwa kuhesabu mataji tu atapotoka, kwa sababu taji la zamani halikupatikana kwa jasho lile lile la leo. Tangu 1886 hadi 1921 bingwa mtetezi hakucheza raundi za awali. Alikaa akisubiri wenzake wapukutishane, kisha akapambana na aliyebaki katika mechi moja. Kwa utaratibu huo Dorothea Lambert Chambers alitwaa mataji saba kati ya 1903 na 1914. Mwaka 1911 alimshinda Dora Boothby 6-0, 6-0, na hiyo ndiyo mechi pekee aliyohitaji ili abaki bingwa. Ilipita miaka 114 kabla fainali nyingine ya wanawake kumalizika kwa matokeo hayo, Iga Świątek wa Poland alipomfunga Mmarekani Amanda Anisimova mwaka 2025. Świątek alifika hapo baada ya kushinda mechi sita. Katika orodha mataji hayo mawili yana uzito mmoja. Kwa haki ya mchezo, hayalingani.

Hata hivyo, wanawake wa enzi hiyo wasibezwe. Walicheza wakiwa wamevaa sketi zinazofika chini na kubanwa viuno kwa koseti. Lottie Dod alikuwa na miaka 15 na siku 285 alipotwaa taji mwaka 1887, na mpaka sasa hakuna bingwa mdogo kuliko yeye katika mchezo wa mmoja mmoja hapo Wimbledon. Alishinda mara tano, kisha akauacha mchezo huo akiwa kijana. Baadaye akawa bingwa wa gofu wa wanawake Uingereza mwaka 1904, na mwaka 1908 akapata medali ya fedha ya kulenga shabaha kwa upinde katika Olimpiki ya London.

Pambano lililofunga enzi hiyo lilichezwa mwaka 1919, mashindano yaliporejea baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Lambert Chambers, aliyekuwa na miaka 40, alikuwa bado anashikilia taji la 1914. Aliyemkabili alikuwa Mfaransa Suzanne Lenglen, wa miaka 20, aliyeingia uwanjani bila koseti, mikono wazi na sketi fupi iliyomwachia nafasi ya kukimbia na kuruka. Mfalme George V na Malkia Mary walikuwepo. Katika seti ya tatu Lambert Chambers aliongoza 6-5, akabakiza pointi moja tu awe bingwa. Na nafasi hiyo aliipata mara mbili. Katika mojawapo Lenglen aliufikia mpira kwa shida, ukagonga mbao za fremu ya raketi, ukagusa ukingo wa wavu na kuangukia upande wa pili. Lenglen alishinda 10-8, 4-6, 9-7.

Baada ya hapo alitwaa mataji mengine matano. Mwaka 1922 mashindano yalihamia Church Road yalipo sasa, na upendeleo wa bingwa mtetezi ukafutwa. Lenglen alianzia raundi ya kwanza kama wengine na bado akashinda. Mwaka 1926 alikubali kucheza kwa malipo, na mlango wa Wimbledon ukafungwa kwake, kwa kuwa mashindano yalikuwa ya wachezaji wa ridhaa tu. Nafasi yake ilichukuliwa na Mmarekani Helen Wills Moody, aliyeshinda mara nane kati ya 1927 na 1938.

Ubingwa wa Althea Gibson mwaka 1957 unastahili kutazamwa kwa makini. Alizaliwa South Carolina na kulelewa Harlem, New York, katika nchi ambayo hadi mwaka 1950 haikuwa imempa mchezaji mweusi nafasi katika mashindano yake ya taifa ya tenisi. Alimshinda Darlene Hard 6-3, 6-2, akapokea sinia mikononi mwa Malkia Elizabeth II, akiwa mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa Wimbledon katika mchezo wa mmoja mmoja. Aliporudi New York alipitishwa mitaani kwa maandamano ya heshima, lakini mfukoni hakuwa na kitu, kwani ridhaa haikuwa na fedha. Mwaka uliofuata alilitetea taji lake, kisha akaacha kucheza tenisi ya ridhaa ili apate riziki.

Kizuizi cha wachezaji wa kulipwa kiliondolewa mwaka 1968. Billie Jean King wa Marekani, bingwa mara sita, alilipwa mwaka huo pauni 750. Rod Laver, bingwa wa wanaume, alilipwa 2,000. Pengo hilo lilimkera King, na mwaka 1973 aliongoza kuundwa kwa chama cha wachezaji wanawake, siku chache kabla ya Wimbledon kuanza. Kazi hiyo iliendelezwa na Venus Williams, ambaye mwaka 2006 aliandika gazetini kudai malipo sawa. Usawa ulikuja mwaka 2007, na kwa haki kabisa bingwa wa mwaka huo alikuwa Venus mwenyewe: pauni 700,000, sawasawa na Roger Federer. Ubao wa mabingwa ulichelewa zaidi. Ushindi wa Chris Evert wa 1981 uliandikwa kwa jina la mumewe, na alama za kuonyesha nani ameolewa na nani hajaolewa ziliondolewa mwaka 2022.

Rekodi ya mataji tisa ni ya Martina Navratilova, aliyeikimbia Czechoslovakia mwaka 1975. Kwenye nyasi mpira hudunda chini na kuteleza, hivyo mchezaji anayeanzisha kwa nguvu na kuukimbilia wavu humnyima mwenzake muda wa kujipanga. Navratilova, mpiga kushoto, aliimudu mbinu hiyo kuliko mwanamke yeyote: alishinda mara sita mfululizo, 1982 hadi 1987, na mara ya mwisho mwaka 1990. Steffi Graf wa Ujerumani alifikisha saba kwa kasi ya miguu na mpigo mkali wa mkono wa kulia. Mwaka 2001 aina ya nyasi ilibadilishwa, na wachezaji wa mstari wa nyuma wakanufaika. Serena Williams, naye mwenye mataji saba, hakuhitaji msaada huo: mwaka 2012 alianzisha mipira 102 isiyoguswa na wapinzani.

Tangu taji lake la mwisho, la mwaka 2016, hakuna mwanamke aliyetawala. Kuanzia 2017 hadi 2025, ukiacha 2020 ambapo mashindano yalifutwa kwa sababu ya korona, kila mwaka ulileta bingwa mpya. Mtunisia Ons Jabeur alifika fainali za 2022 na 2023 akapoteza zote mbili, kwanza kwa Elena Rybakina wa Kazakhstan, kisha kwa Markéta Vondroušová wa Czech, mwanamke wa kwanza kutwaa taji bila kuwemo kwenye orodha ya wanaopewa nafasi kubwa ya kushinda. Mwaka 2022 pia, Mkenya Angella Okutoyi alishinda taji la wasichana la wachezaji wawili wawili akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Świątek mwenyewe alifika 2025 akiwa na mataji manne ya Roland Garros, mashindano yanayochezwa kwenye udongo, na nyasi zikihesabiwa kuwa ndiyo udhaifu wake. Fainali aliimaliza kwa dakika 57.