Kisu Kimepita, Maumivu Yamebaki

Oktoba 21, 1954, seneta kijana wa jimbo la Massachusetts aliingizwa chumba cha upasuaji jijini New York. Jina lake John F. Kennedy. Alikuwa na miaka 37, alikuwa ameoa mwaka mmoja tu nyuma, na mgongo ulikuwa umemfikisha mahali pa kutembelea magongo. Madaktari walimweleza wazi kwamba, kwa kuwa tezi za juu ya figo zake hazifanyi kazi sawasawa, upasuaji huo ungeweza kumuua. Akakubali. Wakamfunga bamba la chuma kiunoni ili pingili zishikamane.

Maambukizi yakamzidi. Akapoteza fahamu, kasisi akaitwa kumpa mpako wa mwisho. Alinusurika, lakini kidonda kilikataa kufunga, na Februari 1955 akarudishwa mezani kutolewa bamba lile lile. Huo ulikuwa upasuaji wake wa tatu wa mgongo. Wa kwanza alifanyiwa 1944, mwaka mmoja baada ya boti yake ya kivita kugongwa na meli ya Wajapani huko Visiwa vya Solomon. Wa nne ulikuja 1957, kutoa usaha. Na bado, alipoapishwa kuwa Rais Januari 1961, alikuwa akivaa mkanda wa mgongo ndani ya nguo.

Ukiacha Ikulu na madaktari wengi waliomzunguka, hali hiyo wanaijua watu wengi wa kawaida. Mtu amechangiwa na ndugu, amefanyiwa operesheni, mshono umepona vizuri, majirani wamekuja kumpa pole na kumshukuru Mungu pamoja naye. Miezi sita baadaye kiuno bado kinawaka. Anaanza kusikia swali ambalo humuumiza kuliko mgongo wenyewe: “Si ulishapasuliwa? Mbona bado unalalamika?”

Jibu ni kwamba jambo hili si la ajabu wala si la kudeka. Tafiti hazikubaliani juu ya idadi, lakini makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba kati ya watu 100 wanaopasuliwa kiuno, 10 hadi 40 huendelea kuwa na maumivu. Orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika 2022, imeyapa maumivu sugu yanayobaki baada ya upasuaji nafasi yake, kama tatizo linalostahili kutibiwa lenyewe.

Ili kuelewa kwa nini yanabaki, ni vizuri kujua kisu huenda kufanya nini. Kati ya pingili na pingili kuna diski, yenye ukingo mgumu na kiini laini. Ukingo ukichanika, kiini hutokeza na kubana mshipa wa fahamu, na maumivu hushuka pajani, kwenye kigimbi, hadi unyayoni. Mwaka 1934, William Mixter na Joseph Barr wa Boston walichapisha makala iliyoonyesha kwamba kukiondoa kipande kilichotokeza humpa mgonjwa nafuu, na tangu hapo upasuaji wa diski ukaenea dunia nzima. Kwa maumivu ya mguu hufanya kazi nzuri, wakati mwingine mgonjwa huamka mguu umetulia siku hiyo hiyo. Kwa maumivu ya kiuno chenyewe, ahadi ni ndogo zaidi. Kiuno huuma kwa sababu ya viungo vidogo vya pingili, misuli, kano, diski, au vyote kwa pamoja, na huko kisu hakina kitu kimoja cha kuondoa. Hili lingepaswa kuelezwa kwa kila mgonjwa kabla hajatia saini fomu ya kukubali operesheni. Wengi hulielewa baadaye, peke yao, usiku.

Sababu nyingine ni za mwilini kabisa. Diski ileile huweza kutokeza tena. Kovu huweza kuuzunguka mshipa wa fahamu, ingawa makovu kama hayo huonekana pia kwenye picha za MRI za watu wasio na maumivu yoyote, kwa hiyo kuliona kovu hakumaanishi kwamba mkosaji amepatikana. Pingili zilizofungwa kwa skrubu huweza kukataa kuungana, hasa kwa mvutaji wa sigara. Zikiungana, pingili za jirani hubeba mzigo zaidi. Mcheza gofu Tiger Woods aliunganishwa pingili za chini ya kiuno Aprili 2017, akashinda mashindano ya Masters mwaka 2019 na kuwashangaza waliokuwa wameshamkatia tamaa, lakini Septemba 2024 alikuwa tena kwenye meza ya upasuaji wa kiuno. Na mshipa uliobanwa kwa muda mrefu huenda usirudi kama zamani hata ukifunguliwa. Mfumo mzima wa fahamu hubaki na tahadhari kupita kiasi, mithili ya mbwa wa ulinzi aliyewahi kuvamiwa, anayebweka hata jani likianguka. Maumivu hayo ni ya kweli, hata kama hakuna kinachoharibika mahali yanaposikika.

Shingo ina mambo yake. Anayepasuliwa kwa mbele huamka na koo linalouma, sauti ya kukwaruza na shida ya kumeza, na kwa wengi hayo huisha ndani ya wiki au miezi michache. Anayepasuliwa kwa nyuma hukatiwa au kusogezewa misuli ya kisogo, ndiyo maana hulalamika kuhusu mabega na pale katikati ya mabapa ya bega. Kola ya shingo ivaliwe kwa muda aliosema daktari tu, maana ikizidi misuli hulegea. Ndoo ya maji kichwani isubiri ruhusa ya daktari. Simu iinuliwe ifuate macho. Na asiruhusiwe mtu yeyote kuigeuza ghafla shingo iliyopasuliwa ili mifupa ilie, awe mkandaji wa mtaani au rafiki mwenye nia njema.

Turudi kwa Kennedy. Mei 1961, miezi minne tu baada ya kuapishwa, alishiriki sherehe ya kupanda mti mjini Ottawa, Kanada, akautonesha tena mgongo. Daktari wake, Janet Travell, mwanamke wa kwanza kuwa daktari wa Rais wa Marekani na ndiye aliyempendekezea kile kiti cha kubembea kilichokuja kuwa maarufu, alikuwa akimchoma sindano za ganzi kwenye misuli. Sindano zilituliza, kisha zikahitajika tena na tena. Madaktari wenzake wakaingiwa na hofu. Oktoba mwaka huo wakamwita Hans Kraus, daktari wa New York aliyezaliwa Trieste na aliyekuwa mpanda milima hodari.

Kraus hakuja na kisu wala sindano mpya. Alimpima Rais akakuta misuli ya tumbo na mgongo imedhoofu, na ya nyuma ya mapaja imekaza. Akampangia mazoezi mepesi mara tatu kwa wiki kwenye chumba kidogo cha mazoezi Ikulu, karibu na bwawa la kuogelea: kulegeza kwanza, kunyoosha, kisha kujenga nguvu taratibu. Hali ikawa bora kuliko ilivyokuwa baada ya upasuaji wowote wa awali. Mkanda hakuuacha, aliuvaa hadi siku alipouawa Dallas, Novemba 1963. Lakini inauma kufikiria kwamba tiba nyepesi kuliko zote ndiyo iliyofika ya mwisho, baada ya visu vinne.

Sayansi ya baadaye imeelekea upande wa Kraus. Mwaka 2006, watafiti wa Norway walichapisha matokeo ya wagonjwa 60 waliokuwa na maumivu sugu ya kiuno baada ya kupasuliwa diski. Kwa bahati nasibu, baadhi walifanyiwa upasuaji mwingine wa kuunganisha pingili kwa skrubu. Wengine walifundishwa kwamba mgongo ni imara, kwamba kuinama na kujipinda kwa kawaida hakutauvunja, kisha wakafanyishwa mazoezi. Baada ya mwaka mmoja, makundi mawili yalikuwa sawa. Kundi la pili lilifika hapo bila kupigwa nusukaputi.

Kwa Afrika Mashariki, ugumu uko kwenye umbali. Mtu anapasuliwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam, kisha anarudi kwao wilayani ambako mtaalamu wa fiziotherapia huenda yuko hospitali ya mkoa tu, na nauli ya mara mbili kwa wiki hana. Anabaki na kadi ya kliniki na pakiti ya vidonge. Njia mojawapo ni kumwomba mtaalamu, kabla ya kuruhusiwa kutoka wodini, aonyeshe mazoezi manne au matano ya nyumbani huku ndugu akirekodi kwa simu. Video ya dakika tatu hukumbukwa kuliko maelezo ya mdomo.

Zoezi la kwanza ni kuamka kitandani. Mtu alale chali, akunje magoti, ageuke ubavu kwa mabega na nyonga kwa pamoja bila kujisokota. Ashushe miguu ukingoni huku akijisukuma kwa kiwiko cha chini na kiganja cha juu, hadi akae. Atulie kidogo, ndipo asimame. Wiki za mwanzo hili huchukua muda na huudhi, lakini huokoa asubuhi nzima. Baada ya hapo ni kutembea: hadi getini, kesho hadi dukani, wiki ijayo hadi barabarani na kurudi. Asiyeweza kusujudu aswali akiwa amekaa kitini, ruhusa hiyo ipo kwa mgonjwa. Kwenye daladala, siti ya mbele au ya katikati hurusha kidogo kuliko ya nyuma kabisa.

Siku inayohitaji uangalifu kuliko zote ni siku nzuri. Mama ameamka mwepesi, basi anafua nguo za wiki nzima, anadeki, anakwenda sokoni na kurudi na kapu. Kesho na keshokutwa hatoki kitandani, na anajiambia kazi ndiyo adui. Wataalamu wa maumivu hushauri kupima kazi kwa saa, si kwa maumivu: kufua dakika 15, kupumzika, kuendelea, na kusimama hata kama bado anajisikia vizuri. Kiasi huongezwa kidogo kila wiki. Familia ikilielewa hili, humpunguzia mgonjwa lawama za “jana uliweza, leo unaona uvivu”.

Dawa zina nafasi, ila ndogo kuliko watu wanavyotarajia. Diklofenaki ikimezwa kila siku kwa miezi huharibu tumbo na figo na kupandisha shinikizo la damu. Kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, yale ya kuchoma na kupiga shoti, daktari huandika amitriptilini, gabapentini au pregabalini, ambazo huleta usingizi na hazifai kuachwa ghafla. Tramadoli huzoesha mwili, na ikichanganywa na pombe au dawa za usingizi huweza kuzuia pumzi. Kukosa usingizi na sonona huongeza maumivu, hivyo kumweleza daktari kwamba mtu analia usiku ni sehemu ya matibabu.

Kipo pia kifaa kinachopandikizwa karibu na uti wa mgongo kupeleka umeme mdogo. Utafiti wa 2007 kwa wagonjwa 100 ulionyesha kinapunguza maumivu ya mguu kwa wengi, mwingine wa Norway wa 2022 kwa wagonjwa 50 haukukuta tofauti kati ya kifaa kilichowashwa na kilichozimwa. Kwa bei yake, familia isiuze shamba kabla ya kuuliza maswali mengi. Kurudia upasuaji nako kuna maana pale kipimo kinapoonyesha kitu mahususi cha kurekebisha, maana nafasi ya kufaulu hupungua kila kisu kinaporudi.

Anayejua maumivu yapi ni ya hatari huishi na mengine kwa amani zaidi. Ya hatari ni haya: mkojo kukataa kutoka au kutoka bila habari, ganzi kwenye makalio na sehemu za siri, mguu au mkono kulegea ghafla, vidole kushindwa kufunga kifungo na miguu kuyumba kwa aliyepasuliwa shingo. Pia homa, mshono unaotoa majimaji, na maumivu ya kichwa yanayozidi mtu akisimama na kupungua akilala, ambayo huweza kuashiria majimaji ya uti wa mgongo yanavuja. Hilo la mwisho lilimkuta kocha wa mpira wa kikapu Steve Kerr baada ya upasuaji wa mgongo mwaka 2015, akapasuliwa tena na kukosa mechi 43 za kwanza za msimu. Kwa dalili hizi tarehe ya kliniki haisubiriwi. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na karatasi za upasuaji wake ziwe mkononi.