Mtafiti Akibisha Hodi: Ufadhili Mdogo wa Utafiti wa Uchumi na Haki ya Mkazi

Saa kumi na mbili asubuhi wakulima wamepanga foleni na mitungi yao kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Kijana mwenye simu kubwa anawasalimu na kuuliza: ng'ombe wangapi, lita ngapi, mnalipwa lini? Wengine hujibu, wengine huondoka wakihofia kwamba ni mambo ya ushuru au siasa. Mara nyingi kijana huyo ni mkusanyaji wa takwimu wa mtafiti aliyepata ufadhili mdogo wa kuchunguza jinsi uchumi wa nchi zinazoendelea unavyokua. Mkazi ana haki ya kujua kazi hiyo ni ya nani na ina faida gani kwake.

Fedha hizo hutoka wapi?

Jijini Nairobi kuna Muungano wa Utafiti wa Uchumi Afrika, unaojulikana kama AERC, ulioanzishwa mwaka wa 1988. Muungano huu hufadhili wanauchumi wa Afrika, wengi wao wahadhiri wa vyuo vikuu. Mwombaji huwasilisha pendekezo lake mbele ya wataalamu wenzake, ambao hulichambua na kumtaka arekebishe kasoro. Kutoka nje kuna International Growth Centre, iliyoanzishwa mwaka wa 2008 kwa fedha za serikali ya Uingereza. Nchini Kenya, Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka wa 2013 ilianzisha Hazina ya Kitaifa ya Utafiti.

Ufadhili mdogo haujengi barabara wala kununua mbolea. Hulipia nauli, posho ya wakusanyaji wa takwimu, kutafsiri maswali kwa Kikuyu na kuchanganua majibu. Kwa hivyo mkazi asitarajie mgao.

Faida yake ni nini?

Mfano mzuri uko karibu, katika sekta ya maziwa ya eneo la kati la Kenya. Wanauchumi Lorenzo Casaburi na Rocco Macchiavello walitaka kujua kwa nini mkulima huuzia chama cha ushirika kinacholipa mwisho wa mwezi, ilhali wachuuzi hulipa papo hapo. Wakulima walipopewa nafasi ya kulipwa kila siku, tena kwa bei ya juu, wengi bado walichagua malipo ya mwezi. Sababu yao inaeleweka katika boma lolote la Murang'a: pesa za kila siku huisha kidogo kidogo, lakini za mwisho wa mwezi hulipa karo au kununua chakula cha mifugo. Utafiti huo ulichapishwa mwaka wa 2019.

Fundisho hapa ni kwamba chama kinachoaminika kulipa kwa tarehe yake humsaidia mkulima kuweka akiba, na kikichelewesha malipo humvunjia mipango yote. Anayepanga sera ya maziwa bila kujua hilo anaweza kumwondolea mkulima kitu anachokithamini. Maswali ya namna hiyo yapo pia kuhusu majani chai ya Kangema, parachichi za Kandara na maembe ya Makuyu. Yakijibiwa ovyo au kwa uongo, mipango itajengwa juu ya uongo huo.

Mkazi afanye nini?

Kwanza, aombe kuona leseni ya utafiti. Hutolewa na Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, NACOSTI, na huonyesha jina la mtafiti, mada na eneo. Mtafiti hutakiwa kuarifu ofisi ya Kamishna wa Kaunti na ya Gavana kabla ya kuanza kazi, kwa hivyo mwenye shaka anaweza kuuliza huko au kwa chifu.

Pili, kushiriki ni hiari. Mkazi anaweza kukataa swali lolote au kusitisha mahojiano. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inataka aelezwe habari zake zitatumiwaje.

Tatu, hakuna utafiti wa kweli unaohitaji nambari ya siri ya M-Pesa wala ada ya kusajiliwa. Anayeomba hayo ni tapeli, na apigiwe ripoti polisi.

Nne, mkazi aulize matokeo yatarudishwa lini. Baraza la chifu au mkutano mkuu wa mwaka wa chama cha ushirika ni mahali pazuri pa kuyasoma hadharani, kwa lugha inayoeleweka.

Vijana waliosomea uchumi, takwimu au kilimo nao wasiachie wageni kazi hii. Waanze kwa kuuliza katika idara za utafiti za vyuo vyao, kikiwemo Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Murang'a, kwa kuwa wafadhili wengi hupitisha fedha kwenye taasisi. Aliyekulia kwenye foleni ya maziwa anajua swali ambalo mgeni hawezi kulifikiria.