Kibarua wa Kinu cha Baruti

Baba yangu hupasua mawe machimboni kwa baruti, ndiyo sababu nilitaka kujua kazi ya watu waliokuwa wakiitengeneza zamani.

Vinu vya Du Pont, kando ya mto Brandywine huko Delaware, Marekani, vilianza mwaka 1802, vikafungwa 1921. Humo vibarua walisaga shura, makaa na salfa kwa magurudumu mazito yaliyozungushwa na maji. Viberiti vilikatazwa, kwani cheche moja ilitosha kulipua kinu.

Kuta tatu zilikuwa nene, za mawe. Upande wa nne, uelekeao mtoni, ulikuwa mwepesi, ili mlipuko utokee huko. Hivyo jirani aliokoka, lakini si aliyekuwa ndani.

Siku hizi, likizoni, baba akichelewa kurudi, mimi humngoja njiani.