Mambo ya Zamani katika Kiingereza

Neno "zamani" katika Kiswahili ni mtumishi mwenye kazi nyingi. Mwalimu aliyehamia shule nyingine ni mwalimu wa zamani. Mji uliojengwa miaka mia tano iliyopita ni mji wa zamani. Na kiti cha babu kilichowekwa pembeni, nacho ni cha zamani. Kiingereza hakina mtumishi mmoja wa namna hiyo. Kila kazi ina neno lake, na mwenye kulikosea huenda akasema jambo asilolikusudia hata kidogo.

Neno lijulikanalo na wengi ni "old". Mtu mzee ni "old", na nguo kuukuu ni "old" pia. Lakini neno hili lina mtego ndani yake. "My old teacher" yaweza kuwa mwalimu aliye mzee, tena yaweza kuwa yule aliyemfundisha msemaji hapo kwanza, ijapokuwa hajapata hata mvi moja. Vivyo hivyo "an old friend" si lazima awe mwenye umri mkubwa. Urafiki ndio wa siku nyingi.

Atakaye kuondoa shaka hutumia "former", yaani aliyekuwa, wala siye tena. Julius Nyerere aliacha urais wa Tanzania mwaka 1985; tangu hapo akaitwa "the former President". Alipofariki mwaka 1999 ndipo alipoitwa "the late Julius Nyerere", kwa maana ya marehemu.

Neno hili "late" lataka uangalifu kuliko yote. Mahali pake katika sentensi ndipo penye uhai na mauti. "The teacher is late" ni kusema mwalimu amechelewa, naye atafika. "The late teacher" ni kusema mwalimu amekufa. Mathalani, kijana aandika barua ya kuomba kazi, naye ataka bwana mwenye kazi aulize habari zake kwa mkuu wa shule alikosoma. Mkuu huyo amestaafu tu, anapalilia migomba yake. Lakini kijana amwita "my late headmaster". Bwana asomapo barua hiyo aona kwamba shahidi wa kijana yuko kaburini. Hana wa kumwuliza, na barua huwekwa kando. Kama kijana angaliandika "former", angalipata shahidi wake.

Karibu na "former" kuna "previous", nalo ni la yule au kile kilichotangulia. Shule iliyopata wakuu watano ina "former headmasters" wanne, maana wa tano yumo kazini; lakini aitwaye "the previous headmaster" ni mmoja tu, yule aliyemwachia wa sasa kiti.

"Ancient" ni neno la mbali sana. Lafaa kwa piramidi za Giza katika Misri, zilizojengwa yapata miaka 4,500 iliyopita, na kwa Wayunani na Warumi wa kale. Kwa desturi wenye kuandika historia ya Ulaya huikomesha historia hiyo ya kale mwaka 476, dola ya Rumi ya magharibi ilipoanguka. Kwa kipimo hicho Ngome ya Yesu ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ni "old", wala si "ancient". Na kumwita mzee aliye hai "ancient" ni kumfanyia mzaha. Wasomao Kifaransa, kama wengi wa Kongo na Burundi, wana hatari yao wenyewe: Kiingereza kililichukua neno hili kutoka Kifaransa, na huko "ancien ministre" ni waziri aliyeacha kazi. Akiitwa kwa Kiingereza "ancient minister", watu watadhani alimtumikia Farao.

"Antique" ni ya vitu: sanduku la njumu, saa, kiti cha kuchonga, ambavyo umri wake umeviongezea thamani. Wafanya biashara huhesabu kwa kawaida miaka 100 au zaidi. Kitanda kibovu cha miaka kumi ni "old" tu, hata muuzaji akiapa.

Yabaki mapacha wawili, "historic" na "historical", ambao hata Waingereza huwachanganya. "Historic" ni jambo kubwa lililogeuza mambo: tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, ni "a historic day". "Historical" ni chochote kihusucho historia, kikubwa au kidogo. Daftari la mfanya biashara wa Unguja lenye bei za karafuu za karne iliyopita ni "historical", ingawa halikugeuza kitu. Mchezo wa Ebrahim Hussein uitwao Kinjeketile, uliotoka mwaka 1969, ni "a historical play", kwa kuwa habari yake imetwaliwa katika Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hata 1907. Na vita vyenyewe ni "historic".