Mukaba unaolia chini ya kapo



Mutashangaa kuona muganga wa dispanseri anaandika habari za motokari. Sababu ni hii. Asubuhi moja baba mumoja aliingia kwetu, mukono umefungwa na shati, damu inatiririka. Motokari yake ilikuwa inalia «kwiii» tangu juma mbili. Alifungua kapo na moteri ikizunguka, akagusa mukaba aone kama umelegea. Ulimuvuta mupaka kwenye puli. Tulimutunza, lakini ncha za vidole viwili hazikurudi.

Basi neno la kwanza: moteri izimwe, ufunguo ukae mufukoni mwako. Toa pete na saa, kunja mikono ya nguo. Tena usiweke mukono karibu na feni ya umeme. Kama maji ya radiateri ni ya moto, yaweza kuanza yenyewe hata moteri imezimwa.

Mukaba ule murefu unaopita nyoka-nyoka unazungusha alternateri, na mara nyingi pompi ya maji na ile inayolainisha volani. Ukikatika, taa ya batiri inawaka, volani inakuwa nzito, moteri inachemuka. Fikiri hayo yakupate kwenye mutelemuko kati ya Likasi na Kolwezi, watoto wakiwa nyuma.

Kelele ndiyo alama ya mbele: asubuhi moteri ikiwa baridi, au ukigeuza volani mupaka mwisho. Kisha tazama kwa tochi upande wenye mifereji. Tafuta nyufa, nyuzi zinazotoka, mungaro kama kioo, mafuta. Lakini angalieni: mikaba ya siku hizi haipasuki upesi kama ya zamani. Inalika polepole kama mupira wa gurudumu, na mukaba muzuri kwa macho unaweza kuteleza. Vumbi la barabara zetu wakati wa kiangazi linaumaliza mbio zaidi.

Wengi wanabadilisha mukaba na kusahau tandere, ule mukono wenye springi unaoukaza. Moteri ikizunguka polepole, fundi anautazama kutoka mbali: ukirukaruka, springi imechoka. Mukaba ukitolewa, anazungusha galeti kwa mukono. Ikikwaruza au kutikisika, ibadilishwe. Fundi anaweza kunyunyiza maji kidogo, akisimama mbali. Kelele ikizidi, mukaba umelegea; ikinyamaza kidogo na kurudi, puli hazikai mustari mumoja. Kubonyeza kwa kidole gumba kulifaa mikaba ya zamani. Kwa tandere ya springi hakupimi kitu. Na sabuni, wandugu, inaficha kelele tu.

Mutu akiumia, gandamiza kidonda kwa kitambaa safi, inua mukono juu. Usiweke mafuta, udongo wala petroli. Kipande kilichokatika kifungwe katika kitambaa safi chenye maji kidogo, kisha ndani ya mufuko wa plastiki, na mufuko huo juu ya barafu. Barafu isiguse nyama. Pete itolewe mara moja, kabla kidole hakijavimba, na mulete mugonjwa kwetu mbio.