Mafuta ya Petroli Huivaje Ardhini?

Wekeni kalamu chini kwanza, msikilize.

Ninyi mnaolima kahawa huko Meru mwajua kwamba buni ikikaangwa hugeuka rangi na ladha. Mpe fundi kikombe kimoja tu. Atakuambia kama ilikaangwa kidogo, sawasawa, au iliungua. Naye kikaango hakukiona. Mafuta ya petroli nayo hupimwa namna hiyo.

Zamani sana viumbe vidogo vya majini vilikufa, vikafunikwa na matope. Matope yakawa mwamba, mwamba ukazama. Chini ya ardhi joto huzidi, kwa kawaida kama digrii 25 mpaka 30 kwa kila kilometa. Likifika kama digrii 60, mafuta huanza kutoka. Likipita kama 150, hubaki gesi zaidi. Kazi hiyo huchukua mamilioni ya miaka.

Sasa tuje kwenye alama. Ndani ya mafuta mna chembe zilizotokana na shahamu za viumbe vile, ziitwazo sterani. Katika kiumbe hai zote huwa na umbo moja, kama mikono ya kulia mitupu. Joto huzigeuza polepole, baadhi zikawa za kushoto. Mtaalamu huzihesabu kwa mashine. Za kushoto zikiwa chache, mafuta ni machanga. Zikikaribia nusu kwa nusu, yameiva. Hapo mgeuko husimama hata joto likizidi, naye hana budi kutafuta alama nyingine.

Kisima kimoja hula mabilioni ya shilingi, kwa hiyo hesabu hii si mchezo. Songo Songo, mwaka 1974, ilipatikana gesi. Uganda, karibu na Ziwa Albert, mafuta yalithibitishwa mwaka 2006. Kwetu, Shirika la Maendeleo ya Petroli limekuwa likitafuta katika bonde la Eyasi na Wembere.

Mtauliza: je, moto wa Mlima Meru, uliolipuka mara ya mwisho mwaka 1910, haupiki mafuta? Moto wa volkano ni mkali mno, huunguza mwamba ulio jirani. Tena mawe ya mlima wenyewe yalitoka motoni. Hayakuwa matope yenye viumbe. Mtu akitaka fedha zako kwa ajili ya mafuta ya mlimani, mwulize kwanza hayo matope yako wapi.

Haya, shikeni kalamu. Andikeni: mwamba, joto, alama, iva.