Kimya Si Kukubali: Jinsi Vikundi vya Mashinani Vinavyoweza Kuafikiana

Mwenyekiti anasoma pendekezo, anainua macho na kuuliza, "Kuna mwenye kupinga?" Wanachama wanatazamana. Wengine wanatazama simu. "Basi tumekubaliana," anasema, na katibu anaandika kwamba uamuzi umepitishwa kwa kauli moja. Wiki mbili baadaye nusu ya waliohudhuria hawatoi mchango wala hawajitokezi kwa maandamano yaliyopangwa siku ile. Ukiwauliza wanajibu, "Huo ulikuwa mpango wao."

Wakazi walio katika vikundi vya kutetea ardhi, maji, mazingira au haki za wachuuzi wanalijua jambo hili. Ofisi za umma nazo huliona kutoka upande wa pili wa meza: kikundi kinaleta waraka wa maoni kuhusu mradi fulani, na kesho yake wanachama wa kikundi hicho hicho wanaleta waraka mwingine unaoukana ule wa kwanza. Hapo anayefaidika ni mwenye mradi. Hana haja tena ya kujibu hoja. Anasema tu kwamba wakazi wenyewe hawajui wanachotaka.

Makala haya yanaeleza kuamua kwa maafikiano, njia ambayo vikundi vingi vya wanaharakati duniani huitumia badala ya kura, na ambayo watu hulazimika kujifunza.

Kwa nini kura peke yake haitoshi

Katika kura, wengi hushinda. Wanachama 16 kati ya 30 wakisema ndiyo, jambo limepita. Bungeni hilo halina shida, kwa kuwa walioshindwa hulazimika kuitii sheria iliyopitishwa. Kikundi cha kijiji hakina polisi wala mahakama. Nguvu yake yote ni watu kujitokeza kwa hiari, siku ya kazi, bila malipo. Wale 14 wakibaki nyumbani, kikundi kimekwisha.

Kuafikiana ni kulifanyia kazi pendekezo hadi lifike mahali ambapo kila mwanachama yuko tayari kulibeba, hata kama silo alilolitaka kwanza. Si lazima wote walipende.

Wazo lenyewe si geni kwetu. Mabaraza ya wazee katika jamii nyingi za Kenya yalizungumza hadi yakapatana, bila kuhesabu mikono. Tusiyasifu kupita kiasi, hata hivyo: mara nyingi wanawake na vijana waliletewa habari baada ya neno kukatwa.

Kisa cha Seabrook

Sura ya njia hii inayofundishwa leo katika semina za wanaharakati imepitia mikono mingi, na kisa kimoja cha Marekani kinafaa kusimuliwa kwa kirefu. Kinaonyesha maafikiano yakifaulu, kisha yakivunjika, katika muda wa kama mwaka mmoja hivi.

Mwaka wa 1976, wakazi wa eneo la Seabrook, mji mdogo wa pwani katika jimbo la New Hampshire, waliungana na wanaharakati wengine kupinga ujenzi wa kituo cha umeme wa nyuklia. Muungano wao uliitwa Clamshell Alliance. Miongoni mwa waliowafundisha kufanya mikutano walikuwa Waquaker, dhehebu ambalo hapa Kenya lina waumini wengi magharibi mwa nchi, na ambalo kwa desturi halipigi kura katika mikutano yake ya kazi.

Wanachama waligawanywa katika vikundi vidogo vya watu kumi hadi ishirini hivi, waliofahamiana na waliopata mafunzo pamoja. Kila kikundi kilijadili jambo, kikamtuma msemaji mmoja kwa baraza la wasemaji. Msemaji hakuwa na ruhusa ya kuamua. Alipeleka neno la wenzake, akasikiliza, akarudi kuwauliza tena. Ni kazi ya kuchosha, lakini iliwafaa.

Aprili 30, 1977, watu wapatao 2,000 waliingia katika uwanja wa ujenzi na kukaa hapo kwa amani. Kesho yake polisi waliwakamata 1,414. Mamia kati yao walizuiliwa kwa karibu wiki mbili katika majengo ya kijeshi. Humo ndani, wakilala sakafuni, waliendelea na utaratibu ule ule: vikundi vidogo, wasemaji, kwenda na kurudi. Wengi walikubaliana kutotoa dhamana, ili wasio na pesa wasiachwe nyuma peke yao. Hakuna kiongozi aliyewaamuru kufanya hivyo, na pengine hakuna ambaye angeweza.

Mwaka uliofuata mambo yaligeuka. Mwanasheria mkuu wa jimbo aliwapa pendekezo: waache mpango wa kuvamia tena, nao wataruhusiwa kufanya mkutano halali katika uwanja huo kwa siku chache. Muda ulikuwa mfupi. Kamati ya uratibu ikakubali bila kungoja vikundi vyote vijadili. Mkutano wa Juni 1978 ulivutia maelfu kwa maelfu ya watu na kwa hesabu hiyo ulifana sana. Muungano, hata hivyo, ulipasuka. Wengi walisema wamefundishwa kwamba kila mtu ana sauti, na siku ya jambo zito sauti hiyo haikuulizwa. Baadhi walitoka na kuunda kundi lao. Mtambo mmoja kati ya miwili iliyopangwa ulikamilishwa, na ukaanza kuuza umeme mwaka wa 1990.

Yawezekana pendekezo lile lilikuwa zuri. Shida ni kwamba waliolipokea walijibu kwa niaba ya watu ambao hawakuwa wamewauliza.

Mkutano wenyewe unavyoendeshwa

Turudi nyumbani kwa mfano wa kubuni. Wakazi 30 wanalalamikia vumbi la machimbo ya mawe karibu na shule. Mwenye machimbo anawaita viongozi watatu na kuwaambia: nitawachimbia kisima na kuwaajiri vijana kumi, nanyi muondoe malalamiko yenu. Nataka jibu kufikia Ijumaa.

Jibu la kwanza la viongozi hao ni moja tu: "Tumesikia, tutawapelekea wenzetu." Wasitie sahihi chochote, hata karatasi ya mahudhurio ambayo hawajaisoma kichwa chake.

Mkutano ukiitishwa, mtu asiye na upande auendeshe. Si lazima awe mwenyekiti. Mara nyingi ni afadhali asiwe, maana mwenyekiti ana maoni yake na ana haki ya kuyatoa. Kwanza pendekezo lisomwe lote, kisha maswali ya kuelewa tu: kisima kitachimbwa wapi, nani atalipia pampu ikiharibika, ajira ni ya miezi mingapi, vumbi litapunguzwaje. Kupinga na kuunga mkono kusubiri. Hatua hii ndiyo vikundi vingi huiruka, na ndiyo yenye faida kubwa zaidi.

Umuhimu wa taarifa umeonekana hata mbele ya sheria. Juni 26, 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa Lamu, uliokusudiwa kuzalisha megawati 1,050, katika rufaa iliyowasilishwa na shirika la Save Lamu na wakazi. Sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: mikutano ilifanyika mapema, kabla ya watu kuwa na matokeo ya utafiti wa athari za mradi. Mtu hawezi kukubali asichokijua, na hilo linakihusu kikundi chenu kama linavyoihusu kampuni.

Baada ya maswali, kila mtu azungumze mara moja kabla ya yeyote kuzungumza mara ya pili. Anayetaka kupita anaruhusiwa. Vijana waanze. Mzee wa heshima akishatoa neno, kijana aliyelelewa vyema hatampinga hadharani. Ataitikia, "Ndiyo, mzee," na moyoni abaki na lake. Wazee wakisubiri zamu ya mwisho hawapungukiwi na chochote, na watakuwa wamesikia mengi. Kwa kina mama, kukaa wenyewe kwa dakika ishirini kisha kumtuma mmoja wao aseme yale waliyoafikiana husaidia sana. Saa ya mkutano nayo ni uamuzi: mkutano wa saa kumi na mbili jioni umewafungia nje walio jikoni.

Wasiwasi unaotajwa uingizwe katika pendekezo. Mama mmoja anasema kisima hakitasaidia mtoto wake mwenye pumu. Basi pendekezo libadilike: kisima sawa, lakini barabara ya malori imwagiliwe maji na ulipuaji usifanywe saa za masomo, na malalamiko yasiondolewe hadi hayo yatekelezwe. Pengine sasa waliokuwa wakipinga wanaweza kulibeba.

Ndipo kiongozi wa mkutano apime. Asiulize nani anapinga. Aulize kila mmoja yuko wapi. Njia rahisi ni vidole: vitano ni kuunga mkono kabisa, vitatu ni kukubali ukiwa na mashaka, kimoja ni kukaa kando, yaani "sitalifanya mimi, lakini sitawazuia," na ngumi ni pingamizi. Hakuna anayehitaji kujua kusoma, na kelele za upepo haziharibu hesabu. Baadhi ya wanaharakati ng'ambo hupunga mikono hewani badala ya kupiga makofi, hilo tunawaachia.

Pingamizi na mipaka yake

Ngumi moja ikiinuka, jambo linasimama. Ndiyo maana haipaswi kuinuliwa kwa kutompenda aliyeleta hoja. Mwenye ngumi aeleze ni kwa vipi pendekezo linavunja lengo la kikundi au kumdhuru mwanachama, na asaidie kutafuta njia nyingine. Watu watano au sita wakikaa kando katika kikundi cha 30, hata bila ngumi, hapo hakuna maafikiano. Ahirisheni, au watumeni wawili wa kila upande wakae na kuleta pendekezo jipya.

Njia hii ina kasoro zake. Inachukua muda, na asiye na muda, kama mwendesha bodaboda au mama mboga, ndiye huondoka kwanza; wanaobaki hadi usiku ndio huamua. Mtu mmoja aliyetumwa kuvuruga anaweza kuwakwamisha wote. Kwa hiyo katiba ya kikundi ieleze mapema kitakachofanyika mkikwama baada ya mikutano miwili au mitatu: kwa mfano, kura ya robo tatu ya wanachama waliopo. Na ieleze pia viongozi wanaweza kuamua nini peke yao, kama nauli, majibu ya barua za kawaida au msaada wa dharura kwa aliyekamatwa, na nini hawawezi kamwe, kama kuondoa kesi au kukubali fidia.

Mahali ambapo sheria imeweka hesabu, hesabu hiyo lazima ifuatwe. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka wa 2016, jamii iliyosajiliwa haiwezi kuuza au kutoa ardhi yake bila kuungwa mkono na angalau theluthi mbili ya wanachama wazima waliosajiliwa. Maafikiano ya watu kumi chini ya mwembe hayawezi kuchukua nafasi ya hesabu hiyo.

Kikundi kinachoanza kisijaribu njia hii kwa mara ya kwanza siku ya jambo kubwa. Anzeni na dogo: siku ya mkutano, matumizi ya shilingi elfu mbili zilizobaki, nani atunze vitabu. Katibu aandike pendekezo jinsi lilivyobadilika, idadi ya waliokubali, na majina ya waliokaa kando pamoja na sababu zao, wakiridhia. Isomwe kwa sauti kabla ya watu kutawanyika. Mkileta waraka wa maoni kwa bunge la kaunti au kwa idara yoyote, ambatanisheni kumbukumbu hizo na orodha ya waliohudhuria.